Sampuli ya Saba

Mgonjwa wa tatu alirudi Jumanne asubuhi, amefunikwa mablanketi mawili na bado anatetemeka. Alikuwa fundi saa, mzee mwembamba ambaye hakuweza kuona saa ya ukutani imechelewa akanyamaza. Siku nne kabla alikuwa ametolewa mawe kwenye njia ya nyongo kwa kamera ya tumbo, akaondoka anatania wauguzi. Sasa macho yake yalikuwa ya manjano, midomo imekauka, na binti yake alimuuliza kila aliyevaa sare, "Mmemfanya nini baba yangu?"

Nesi aliyempokea hakumjibu. Kichwani alikuwa anahesabu. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, mwezi uliopita. Wa pili mpishi wa shule, wiki mbili zilizopita. Wote walipita chumba kilekile, kwa kamera ileile, na damu ya wale wawili wa kwanza ilionyesha kijidudu cha aina moja, kile kinachopenda mahali penye majimaji.

Wenzake walimwita Profesa, na si kwa heshima. Jina lilimjia tangu alipoanza masomo ya uzamili katika uuguzi wa mfumo wa chakula: Ijumaa na Jumamosi chuoni, siku nyingine kazini. "Profesa, utumbo umerefuka mita ngapi wiki hii?" walikuwa wakimuuliza. Wengine hawakuona cha kuchekesha. Mtu amefanya kazi chumba cha kamera miaka kumi na minne, anamsaidia daktari bila kuelekezwa, leo anaenda kufundishwa tumbo liko wapi? Lazima kuna cheo anachokinyemelea.

Muhula ule mwalimu wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliwapa kazi ya utafiti. "Chagueni tatizo moja la kweli mnakofanyia kazi," aliwaambia. "Mlifuate mpaka mjue linakotoka. Sitaki kurasa nyingi. Nataka chanzo."

Profesa alinunua daftari dogo lenye jalada jeusi. Siku aliyolitoa mfukoni kwa mara ya kwanza pale kazini, mazungumzo ya chumba cha chai yalikatika kama redio iliyochomolewa.

Kamera ya tumbo haioshwi kama sufuria. Ni mpira mrefu wenye vijitundu vyembamba ndani, na kila inapotoka kwa mgonjwa lazima isuguliwe kwa brashi ndefu, isukumiwe maji, ilazwe kwenye dawa ya kuua vijidudu, ikaushwe, ndipo itundikwe kabatini. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, mama wa miaka hamsini na minane aliyeitwa Mama Sabuni. Alianza kama mfagiaji, akapanda kidogo kidogo, na ndiye aliyemfundisha Profesa, enzi za ugeni wake, namna ya kuishika kamera bila kuivunja shingo.

Kwa hiyo Profesa alipoanza kumtilia shaka, alijionea aibu kwanza. Aibu hiyo ilidumu siku mbili tu.

Alianza na kitabu cha kuoshea. Kila kamera iliandikwa saa iliyoingia kwenye dawa na saa iliyotoka. Akapekua miezi mitatu nyuma. Kila ukurasa ulikuwa na mwandiko mmoja, wino mmoja, mistari imenyooka kama imeandikwa kwa pumzi moja. Hakuna tone la maji hata moja kwenye karatasi. Nani anaosha mipira kutwa nzima na kitabu chake kisilowe?

Kisha mlango. Zamani chumba cha kuoshea kilikuwa wazi muda wote. Siku hizi Mama Sabuni alijifungia, na ukigonga ulisikia kwanza kitu kinasogezwa, ndipo ufunguo ulie. Halafu Jumatano ya wiki iliyofuata, Profesa alipopita karibu na dirisha dogo, alimwona akitumbukiza kichupa ndani ya mfuko wa aproni, haraka, huku akitazama nyuma.

"Anaiba dawa," Profesa alimwambia mumewe jioni, wakichambua mboga jikoni. "Anaipunguza, anajazia maji. Ndiyo maana haiui."

Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu asiyependa kusema neno kabla ya kulipima. "Umemwona akijazia maji?"

"Nimemwona akificha kichupa."

"Huyo mama si ndiye aliyekuja kutufulia nguo ulipojifungua? Wiki nzima?"

"Ndiye. Kwani aliyekufulia nguo hawezi kuiba?"

"Anaweza," alisema mumewe. "Ila mwulize."

Hakumwuliza. Kesho yake aliomba ruhusa kwa daktari achukue sampuli za utafiti, na daktari, ambaye hofu ilishaanza kumwingia juu ya wagonjwa wake watatu, alikubali papo hapo. Profesa aliandaa vijiti sita vya pamba. Cha kwanza alisugua kwenye sinki, cha pili kwenye brashi, cha tatu kwenye beseni la dawa, cha nne ndani ya kamera, cha tano kabatini zinapotundikwa. Mama Sabuni alisimama pembeni, mikono nyuma, akimtazama kama mtu anayetazama mgeni akipekua kabati lake la nguo.

"Na hicho cha sita?" akauliza.

"Mikono yako, mama."

Chumba kilikuwa na harufu kali ya dawa iliyochoma pua. Mama Sabuni alivua glavu taratibu, akainyoosha mikono yote miwili, iliyokunjamana kwa maji ya miaka mingi.

"Chukua," alisema. "Na chini ya kucha je? Pitisha na huko, mwanangu, usije ukakosa marks."

Profesa alipitisha. Alipotoka nje aligundua kwamba hakuwa amemwangalia usoni hata mara moja.

Mchana huohuo Msimamizi wa kitengo alimwita ofisini. Alikuwa mwanamume wa mashati yaliyopigwa pasi hadi ndani ya kola, mwenye woga wa simu yoyote iliyotoka kwa mkurugenzi. Alitaka kujua daftari jeusi lina nini. Profesa alimweleza: mwandiko, mlango, kichupa. Aliyasema kwa uangalifu, akiweka "labda" na "huenda" kila alipoweza, lakini hata yeye aliyasikia yalivyopangika vizuri, kama shitaka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Msimamizi, akitikisa kichwa. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ijumaa asubuhi Mama Sabuni alihamishiwa kwenye chumba cha kufulia mashuka. Hakuulizwa swali. Aliondoka na sandali zake ndani ya mfuko wa plastiki, na nafasi yake akapewa nesi kutoka chumba cha upasuaji, mtu wa kasi na kelele. Wenzake Profesa hawakumtania tena. Hata jina la Profesa walilisitisha. Walimwita kwa cheo chake, wakampisha njia, na kila alipoweka kikombe chake mezani, viti vya jirani vilipata safari.

Jumatatu majibu yalitoka maabara. Fundi wa maabara, mcheshi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alimpa karatasi akicheka. "Zote sita safi. Kuna mkono hapa namba sita ni msafi kuliko wangu, na mimi nashinda nanawa spiriti."

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini shaka ikishapata kiti haiulizi kama wenyeji wanataka kulala. Profesa alisimama kwenye korido na karatasi yake, akajijibu mwenyewe: alijua nakuja, akasafisha siku hiyo tu. Akaandika hivyo kwenye rasimu ya utafiti. Aya nzima.

Jumatano daktari alimfanyia kamera ya nyongo mwalimu wa chekechea. Mama Sabuni alikuwa ghorofa ya chini, kwenye mvuke wa mashuka, siku ya sita. Usiku huohuo mwalimu yule akashikwa na homa, na Ijumaa majibu ya damu yake yakatoka. Kijidudu kilekile.

Profesa aliipata habari kwa simu akiwa chuoni. Usiku alianza upya kuhesabu watu. Kwanza alimfikiria yule nesi wa kelele: pengine anaharakisha. Halafu daktari: pengine hanawi. Kisha akamfikiria hata fundi wa maabara na miwani yake. Kila uso alioufahamu pale kazini ulimpitia mbele ya macho, na kila mmoja alikuwa na kasoro.

Jumamosi mwalimu wa chuo aliwarudishia rasimu. Yake ilikuwa na maandishi machache ya penseli. Kwenye aya ya Mama Sabuni kulikuwa na alama ya kuuliza tu. Chini kabisa, kando ya orodha ya sampuli sita, aliandika: "Umepima kila mahali panapoguswa na mwenzako. Wewe unagusa nini?"

Profesa alilisoma swali mara mbili. Alitaka kusimama aeleze kwamba yeye haoshi kamera, yeye humpokea mgonjwa, humgeuza ubavu, humshika taya, humpa daktari waya na makoleo yake madogo, hukagua… Hapo akakwama.

Hujaza chupa.

Kando ya mashine ya kamera kulikuwa na chupa ya maji. Daktari akibonyeza kitufe, maji hutoka kwenye chupa hiyo, hupita ndani ya kamera na kusafisha kioo chake akiwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Chupa, kifuniko na kijirija chake cha kupitishia maji vilitakiwa kupelekwa kila siku kwenye mashine ya mvuke inayoua vijidudu. Zamani zilikuwa mbili: moja kazini, moja kwenye mvuke. Miezi minane iliyopita moja ilipasuka. Profesa aliandika barua kuomba nyingine, akampa Msimamizi, na akasema kwa sasa ataisuuza hii iliyobaki kwa maji safi kila asubuhi, mpaka mpya ije. Mpya haikuja. "Kwa sasa" ikawa mazoea, mazoea yakawa kazi, na kwa miezi minane hakuiwaza tena, kama mtu asivyowaza ulimi wake mwenyewe.

Jumatatu alifika kabla ya watu. Alifungua kifuniko, akapitisha kijiti cha pamba ndani ya kijirija. Kilitoka na utelezi mwembamba, kama ule wa jiwe la mtoni. Aliandika namba saba kwenye kichupa cha sampuli. Hakuandika mahali. Kisha akaazima chupa chumba cha upasuaji, na ile ya zamani akaipeleka kwenye mvuke.

Alhamisi fundi wa maabara alipiga simu. "Hiyo namba saba yako imeota kama bustani! Ndiyo haohao wa wagonjwa wako. Ni wapi huko?"

"Nitakuambia," alisema Profesa, akakata simu.

Alikwenda chooni, akafunga mlango, akakaa juu ya kifuniko cha choo na sare yake. Kitu kilichomtisha zaidi kilikuwa wepesi wa akili yake. Hakuna anayejua namba saba ni wapi. Chupa imeshachemshwa. Chupa ya kuazima inatosha, hakuna mgonjwa atakayeugua tena. Mama Sabuni anaweza kurudishwa kimya kimya baada ya miezi miwili, kwa barua ya shukrani. Mipango yote hiyo ilimjia yenyewe, imenyooka, mstari kwa mstari. Wiki tatu alikuwa anamtafuta mtu mwenye uwezo wa kuficha. Akainuka haraka, kabla miguu haijabadili mawazo.

Daktari na Msimamizi walikuwa pamoja ofisini. Alisema akiwa amesimama.

"Ni chupa ya maji. Ninaijaza mimi. Sikuipeleka kwenye mvuke miezi minane."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Na mimi ndiye ninayebonyeza kitufe," alisema. "Sijawahi kuuliza maji yale yanatoka wapi."

Msimamizi alikuwa ameshafunga mlango. "Imeshachemshwa, sivyo? Basi. Kwa nini tuwashe moto ndani ya nyumba yetu?" Kisha macho yake yakakaza. Akavuta droo nusu, akairudisha. "Au unanitafuta mimi? Kwa sababu ya ile barua yako?"

"Barua ilikaa kwako, chupa ilikaa kwangu," alisema Profesa. "Na wagonjwa ni wanne. Mama Sabuni hayumo."

"Wewe si ndiye uliyekuja hapa na daftari?"

"Ndimi."

Daktari aliomba karatasi, akaanza kuandika taarifa kwa mkurugenzi kwa mkono wake, bila kumwangalia yeyote.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda yakishaandikwa. Profesa aliondolewa chumba cha kamera wiki sita, akapewa barua ya onyo. Msimamizi naye alipata ya kwake, na hakumsalimia tena. Familia nne ziliitwa moja moja na kuambiwa. Dereva wa lori alitukana kwa dakika kumi, akaondoka. Mpishi alilia. Mwalimu wa chekechea, ambaye homa ilishashuka, aliuliza kama atapona kabisa, akaambiwa ndiyo. Binti wa fundi saa alisikiliza hadi mwisho. Baba yake alikuwa ametoka siku hiyohiyo kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, baada ya zaidi ya wiki mbili.

"Sema tena," alimwambia Profesa. "Ulikuwa unaisuuza?"

"Kila asubuhi. Haikutosha, na nilijua kanuni."

"Na siku ile nilipokuuliza mlangoni mmemfanya nini, ukanyamaza, ulikuwa unamfikiria nani?"

Profesa alisema kweli. "Mtu mwingine."

Binti aliinuka. Siku iliyofuata alipeleka malalamiko rasmi, kurasa nne, na hakuna aliyemlaumu.

Kwenye chumba cha mashuka Profesa alienda bila kuitwa. Mashine zilikuwa zinanguruma, ilibidi asogee karibu. Mama Sabuni alikuwa anakunja shuka, na hakuiachia ncha.

"Nimesikia," alisema. "Ngazi hizi zinapitisha habari kuliko simu."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Uliniona naficha kichupa. Hukuuliza." Alitia mkono kwenye aproni, akatoa kichupa kidogo cha dawa ya macho. "Feni ya kutolea hewa imekufa tangu mwaka jana. Ile dawa inanichoma macho. Ningesema, wangenistaafisha. Nilijifungia, nikaziba chini ya mlango kwa ndoo na matambara, ili moshi wake usiwafikie nyinyi na wagonjwa wenu."

"Na kitabu?"

"Mikono imelowa, nitaandikaje kitabuni? Nabandika plasta kifuani, naandika saa juu ya plasta, jioni nanakili." Sasa alimtazama, na macho yake kweli yalikuwa mekundu. "Miaka yote hiyo. Ungeniuliza swali moja tu, shaka yako ingeisha ukacheka."

Profesa alishika ncha ya pili ya shuka, lakini Mama Sabuni alilivuta taratibu kutoka mikononi mwake, akalikunja mwenyewe.

Mama Sabuni alirudishwa kazini kwake wiki iliyofuata, na daktari akasimamia hadi feni ikatengenezwa. Alimjibu Profesa salamu, kwa sababu salamu haikataliwi. Zaidi ya hapo hakumpa. Jina la "mwanangu" halikurudi.

Utafiti aliuandika upya. Aya ya Mama Sabuni aliifuta yote, na mahali pake akaeleza jinsi alivyomshuku mtu bila kumwuliza, na kwamba muda huo mwalimu wa chekechea alikuwa bado mzima. Siku ya kuuwasilisha chuoni aliisoma aya hiyo neno kwa neno. Mwalimu wake alimpitisha, bila sifa nyingi. Alimwomba tu nakala ya kuwapa wanafunzi wa mwaka unaofuata, na akamwuliza kama yuko tayari wajue ni nani. Profesa aliomba siku moja ya kufikiri, kisha akasema ndiyo.

Miezi mitatu baada ya ugonjwa wake, fundi saa alitakiwa kurudi kutolewa kijirija cha plastiki alichowekewa kwenye njia ya nyongo ili isizibe. Hapakuwa na namna nyingine ila kwa kamera. Profesa alikuwa amesharudi chumbani, na alipoona jina kwenye orodha alimwomba daktari ampangie nesi mwingine, familia isije ikatishika.

Binti alifika na baba yake saa mbili asubuhi. Akauliza nani atakuwa ndani. Akatajiwa nesi yule mwingine.

"Hapana," alisema. "Nataka yule wa chupa."

Profesa aliitwa. Binti alimpima kwa macho kuanzia kofia hadi viatu. Hakukuwa na tabasamu.

"Usidhani nimekusamehe. Malalamiko yangu yako palepale," alisema. "Na sikuamini. Lakini humu ndani siwaamini wote, na wewe ndiye pekee ambaye kosa lako nalijua."

Profesa aliitikia kwa kichwa. Alileta chupa ikiwa bado ndani ya mfuko wake uliofungwa, uliopita kwenye mvuke, akamwonyesha tarehe, akaufungua mbele yake. Binti aliinama, akasoma, akasoma tena. Mzee alikuwa amekaa kwenye kitanda cha magurudumu, tumbo tupu tangu jana, akiitazama saa ya ukutani.

"Mkimaliza kusomana," alisema, "hiyo saa yenu iko nyuma dakika saba, na mimi njaa inaniuma."

Binti akasogea pembeni. Profesa akatoa breki ya kitanda, akakisukuma ndani.